Si kila maumivu ya shavu ni ya jino

Mtu akionekana ameshika shavu, kila aliye karibu hugeuka daktari. "Ni jino hilo, nenda uling'oe!" Mimi niliambiwa hivyo na majirani, na makanga wa matatu, hata na mama anayetuuzia mboga.

Kliniki moja mjini ikaniambia vivyo hivyo. Gego likang'olewa, pesa zikaenda, maumivu yakabaki. Niliporudi nikaambiwa kwamba gego lililofuata ndilo lenye kasoro. Hapo nikakataa katakata. Kinywa si gunzi, meno yapukuchuliwe moja baada ya jingine.

Daktari wa meno wa pili hakugusa koleo. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue kinywa na kukifumba. Kiungo kikalia, ta! Akauliza ninavyolala. Mume wangu akadakia kuwa usiku husaga meno kama mtu anayetafuna changarawe.

Waama, hapo mbele ya sikio ndipo taya la chini linapoungana na fuvu. Kusaga meno usingizini, kuyauma kwa sababu ya wasiwasi au kugongwa huweza kuumiza kiungo hicho na misuli yake. Uchungu husambaa hadi sikioni, kichwani na kwenye magego, ndipo jino likasingiziwa.

Tiba yangu ilikuwa nyepesi: uji na viazi vya kuponda, kitambaa chenye maji ya moto shavuni, vidonge vya kutuliza maumivu kwa siku chache, mazoezi ya taya, na kifuniko cha meno cha kulalia. Kabla ya hapo vidole viwili tu ndivyo vilivyopita kinywani vikipangwa wima. Baada ya miezi miwili vilipita vitatu.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa njia hizo. Upasuaji ni wa wachache, tena baada ya mengine kushindwa. Mlio usio na uchungu kwa kawaida hauhitaji tiba. Lakini maumivu ya taya yakija pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi, kimbilia hospitali mara moja. Huenda ni moyo.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujafunuliwa kinywa, uliza: eksirei imeonyesha nini kwenye jino hili? Je, kiungo cha taya kimepimwa? Kuuliza hakuna malipo. Gego la mtu mzima likishang'oka, halioti tena.