Baskeli ya Kurukia Matuta



Najua wengi mnaingia hapa kutafuta mishono ya shela na rangi za kanga za sherehe. Leo nataka kuzungumza habari ya baskeli. Mabibi harusi nivumilieni. Leo mnachagua kitambaa, lakini panapo majaaliwa, baada ya miaka kumi na tano mtasimama mbele ya mtoto aliyewapita kimo, anakuombeni kitu msichokijua kichwa wala miguu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na nne. Mwaka jana nilimwambia akimaliza kuhifadhi juzuu mbili za mwisho nitamnunulia baskeli. Nilisema kwa mdomo wangu, mbele ya baba yake na mbele ya mkwe wangu. Mtoto akakaza, akahifadhi. Hapo hakuna tena “tutaona”. Ahadi ni deni, hata kwa mtoto, na ukimvunjia hii ya kwanza ataisikiliza vipi ya pili?

Basi nikenda dukani peke yangu, nilitaka kumshitukiza. Nikaona baskeli nyekundu, mpya, bado ina nailoni kwenye siti. Springi mbele, springi katikati, gia ishirini na moja. Muuzaji akaniambia hii ndiyo wanayoitaka vijana. Laki tatu na ishirini. Nilikuwa nimemaliza kazi ya harusi moja kubwa, gauni la bi harusi na sare za ndugu zake sita, nikalipa taslimu. Nikachukua kubwa kidogo, ndivyo tulivyozoea. Sare ya skuli unaacha upindo mrefu, viatu unazidisha namba moja, atakulia humo humo.

Ilikaa wiki tatu.

Sikujua kwamba hataki baskeli ya kwendea skuli. Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanja ambacho vijana wamejenga matuta ya udongo. Wanakuja mbio, wanapanda tuta, wanaruka na baskeli hewani, wanatua upande wa pili. Mchezo wenyewe wanauita dati jampu. Wanauona kwenye simu, wakauleta mtaani kwa majembe ya baba zao.

Jioni moja akaja na kidevu kimepasuka. Akasema ameanguka kwenye ngazi za chuoni. Nikampeleka hospitali, akashonwa nyuzi nne. Mimi nashona kila siku ya Mungu, lakini siku ile sikuweza kutazama sindano. Aliyenambia ukweli ni mdogo wake wa kike, miaka minane, baada ya siku mbili: “Mama, kaka ameficha baskeli kwa rafiki yake, imevunjika.”

Nikenda kuiona. Ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele ilikuwa imepinda imerudi nyuma kama mguu wa panzi. Kiungo cha katikati, penye springi, kinacheza ukikitikisa. Na pale chini kwenye fremu, mahali ambapo hutazami mpaka uiname, palikuwa na karatasi ndogo ya Kiingereza iliyobandikwa tangu kiwandani: baskeli hii si ya kurukia wala ya njia mbaya. Kiingereza changu ni cha Form Four, lakini hicho nilikielewa. Kumbe ilikuwepo siku zote. Mimi nilitazama rangi.

Nilikasirika, siwafichi. Lakini nilipomuuliza kwa nini alinidanganya, akaniambia, “Nilikuona ulivyokesha kwenye zile sare, mama.” Alikuwa anaogopa thamani ya pesa zangu kuliko kidevu chake. Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwambia uwongo haukubaliki, na adhabu yake aliipata, wiki nzima bila simu. Halafu nikajiambia, nami nina sehemu yangu. Nilinunua kitu bila kumuuliza atakivaa wapi. Bi harusi akija kwangu swali la kwanza namuuliza, sherehe ni ya ukumbini au ya uwanjani, utakaa au utacheza? Mwanangu sikumuuliza.

Mkwe wangu alisema basi, baskeli imekwisha, akae asome. Baba yake, ambaye kazi yake iko Pemba na huja kila wiki mbili, alisema kwenye simu tusubiri akue. Mimi nikaona tukimkataza atakwenda kurukia baskeli za wenzake, zilizo mbovu zaidi, na safari hii hata mdogo wake hatajua. Ile hadithi ya ngamia sote tunaijua. Nikaamua kumfunga ngamia vizuri.

Bajeti yangu mara hii ilikuwa laki tatu kamili, na ndani yake iwemo kofia ngumu. Kukopa kwa riba sikutaka, na pesa ya mchezo wetu wa akina mama ilikuwa na kazi nyingine. Nikamtafuta fundi baskeli mmoja mzee, mtu wa watu, tukamwendea mimi na mwanangu baada ya alasiri. Akanitazama, akacheka: “Mwanangu, wewe umekuja na mtoto. Wengi wanakuja na pesa tu.”

Niliyojifunza kwake nayaandika kama alivyonifundisha, kwa fujo yake.

Kwanza, baskeli ya kurukia inanunuliwa ndogo. Hapo mimi fundi cherehani nilibishana naye. Lakini akamweka mwanangu juu ya fremu mbalimbali akanionesha. Mtoto anaporuka hakai kwenye siti, anasimama juu ya pedeli, na baskeli inapanda na kushuka chini yake. Fremu ikiwa ndefu na siti iko juu, inamgonga, na hawezi kuivuta. Kwa hiyo fremu iwe fupi, chuma cha juu kiwe chini sana kuliko mapaja, siti ishushwe mpaka mwisho. Ukiitazama unadhani imefuliwa ikasinyaa. Hakuna cha kuacha upindo hapa. Aliyepanda kubwa ili akulie humo, ataangukia humo.

Pili, springi. Mwanangu alitaka za mbele angalau. Fundi akasema springi nzuri ya kurukia, ngumu na fupi, peke yake inaweza kuzidi bei ya baskeli nzima tunayoitafuta. Springi rahisi ni uzito tu, inazama yote, halafu inagota. Bora miguu ya chuma mitupu iliyonyooka. Magoti na viwiko vyake ndivyo springi. Na ile ya katikati tuisahau kabisa.

Tatu, gia. Moja inatosha. Gia nyingi zina kidude kinachoning'inia nyuma, baskeli ikianguka kinapigwa cha kwanza. Cheni nayo inachomoka hewani, mtoto akitua mguu unakosa pa kukanyaga. Ile iliyopasua kidevu ilikuwa hivyo hivyo.

Kuhusu chuma chenyewe, kuna chuma cha kawaida na kuna kinachoitwa kromoli, chepesi na chenye nguvu zaidi, mara nyingi kimeandikwa kwenye fremu “Cr-Mo” au “4130”. Sumaku haitakusaidia kutofautisha, inashika vyote viwili. Inakwambia tu kwamba si alumini. Alumini si mbaya, baskeli nyingi za kurukia ni za alumini, ila ikianza ufa haikuonyi sana. Kwa mtumba usioujua ulikotoka, fundi anapenda chuma. Lakini chuma na hewa yetu ya chumvi si marafiki, kwa hiyo toa siti, chungulia ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kutu ya juu si neno. Ikidondoka vipande, ondoka.

Siku ya tatu ya kuzunguka kwenye baskeli za mtumba tukaiona. Imesukumwa nyuma ya zile zenye vikapu. Fupi, pana matairi, inchi ishirini na sita, rangi imebabuka, siti imechanika, rimu ya nyuma imepinda kama chapati. Mwanangu akanishika mkono kwa nguvu akaninong'oneza, “Mama, usioneshe uso.” Mtoto amekuwa mfanyabiashara! Akanionesha kwa kidole yale maneno madogo, 4130. Kumbe baskeli ya dati jampu yenyewe, imekuja na kontena na vyombo vya watu, haijulikani ni nini, inauzwa kama baskeli mbovu ya mtoto.

Fundi aliikagua kama mimi ninavyokagua satini. Alipitisha kidole pale shingoni, ambapo bomba la chini na la juu hukutana na bomba la hendeli, kwa sababu fremu iliyorushwa vibaya huanza kufa hapo. Anatafuta ufa kwenye rangi, au mkunjo kama wa kitambaa kilichovutwa. Hapakuwa na kitu. Akaishika breki akaisukuma mbele na nyuma kusikia kama shingo inacheza. Akazungusha magurudumu, akayatikisa upande kwa upande. Akapiga spoku moja moja kwa ukucha, zile zilizolegea zinatoa sauti nzito. Rimu mbovu hakuijali, hiyo inabadilishwa. Fremu ikiwa na ufa, akasema, hata ukipewa bure usichukue.

Waliomba laki mbili na ishirini. Hapo nikaingia mimi, maana kupatana bei ndiyo kazi yangu. Tukatoka na laki moja na sitini na tano.

Rimu ya nyuma na kuisuka upya, arubaini elfu. Cheni mpya, kumi. Matairi mawili ya mtumba yenye meno mafupi, thelathini. Na breki, hapa tukagombana. Vijana wanapenda breki ya nyuma tu, na fundi akakubali kwamba za kurukia nyingi ziko hivyo. Nikasema hapana. Baskeli hii hiyo itakwenda dukani na chuoni, barabara ina daladala na bodaboda, nataka breki mbili. Alinuna mpaka Magharibi. Breki ya mbele na waya na raba za pande zote, kumi na nane elfu.

Kofia nilinunua mpya, thelathini na tano. Nguo za mtumba nanunua na nashona, lakini kofia ya mtumba sikutaka. Ndani yake mna povu linalopokea pigo mara moja. Ikishapigwa huwezi kuona kwa nje, na huyo aliyeitoa hatakwambia. Za magoti na viwiko nilishona mwenyewe, jinzi kuukuu mara mbili na sponji ya godoro ndani, na lastiki pana. Si sawa na za dukani zenye plastiki ngumu, lakini michubuko zinazuia, na wenzake watatu wameniagizia.

Ikabaki elfu mbili. Tukanunua urojo, bakuli moja, vijiko viwili.

Na masharti yapo. Haruki peke yake. Kofia ikivuliwa, baskeli inalala ndani wiki. Adhana ya Magharibi ikilia awe nyumbani. Na tuta lake la kuanzia lisiwe na shimo katikati. Wakubwa wao wamejenga moja lenye mgongo bapa, kiasi cha goti kwenda juu, akishindwa kufika ng'ambo anatua juu ya udongo. Yale yenye pengo atayaendea baadaye, na kwanza nikayaone. Mkwe wangu hajakubali bado, ila juzi nilimsikia akimuuliza mjukuu wake kama ni kweli baskeli za namna hii zinashindaniwa Olimpiki. Akamwambia ndiyo, mbio za BMX, ndugu wa mchezo wake, zimeanza Beijing 2008. Bibi akasema “Ala!” akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kiwanjani mara ya kwanza, na baibui langu na mkoba wa vitambaa, nikakaa juu ya tofali. Walikuwa wanamwagia maji tuta na kulikanyaga ligande. Alipokuja mbio nilifumba macho. Niliyafumbua niliposikia matairi yametua, yote mawili kwa pamoja, na yeye ananitafuta kwa macho kabla hata hajasimama.

Alianguka pia, mara mbili. Mara ya pili alikuja mwenyewe kunionesha kiwiko kilichochubuka juu ya pedi, sikuhitaji kuuliza.

Fundi amenambia beringi za gurudumu la nyuma zitataka kubadilishwa kabla ya Ramadhani. Nimeshaweka elfu kumi kwenye kopo la vifungo, na mwanangu ameongeza elfu tatu zake.