Katika Kutafuta Spika Kuukuu

Mtu akiniuliza kwa nini mwalimu wa lugha, aliyetumia nusu ya umri wake baina ya vitabu, alizunguka siku tatu katika mji wa Moshi akigonga mbao za masanduku ya spika na kunusa amplifaya kuukuu kama mnunuzi wa samaki, jibu langu ni fupi. Nilikuwa natafuta herufi moja. Herufi yenyewe ilikuwa ama k ama s, na baina ya hizo mbili palikuwa na shamba la ekari moja na nusu.

Habari hii ina asili yake mwaka 1994. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkaazi wa Marangu, na kama wenzake wengi wa mlimani alikuwa na ardhi mahali pawili: kihamba juu, penye migomba na mibuni, na shamba la mahindi chini, upande wa Himo, ambako jua ni kali na mvua ni ya kuhesabu. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alimwandikia barua kuomba shamba la chini liuzwe apate mtaji. Mkono wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka na kalamu ilikuwa imemshinda. Akajibu kwa kanda ya kaseti, kama watu wengi walivyofanya siku zile. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kichaga, ili mkaza mwanawe, mwenyeji wa Tanga, asitengwe na maneno ya nyumba aliyoolewa. Pumu ilimfanya apumzike mahali pasipo na kituo na kupita mbio mahali penye kituo. Katikati ya kanda anasema neno juu yangu, nami nilikuwa kijana wa miaka 14: "Mdogo wenu akikubali, liuzwe." Au anasema: "Mdogo wenu asikubali liuzwe."

Wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kufundishwa sarufi, lakini na watazame jinsi lugha yetu ilivyotufanyia. Kitenzi chenye asili ya Kiarabu hakibadili irabu yake ya mwisho kikikanushwa. Laiti baba angetumia kutaka! Akitaka na asitake havichanganyiki hata katika kishindo cha mvua juu ya bati. Alichagua kukubali, neno la adabu zaidi, na ruhusa na katazo vikabaki vimetenganishwa na konsonanti moja tu.

Kwa miaka karibu thelathini hakuna aliyeijali konsonanti hiyo. Kaka alipata mtaji kwingine, baba akafariki, na dada yetu akalilima shamba kila masika. Mwaka 2023 akatokea mnunuzi mwenye fedha taslimu. Hapo kanda ikatolewa sandukuni na kuhamishiwa kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika. Kaka alisikia k. Dada alisikia s. Mimi nilisikia k, tena nilisikia waziwazi. Na sina budi kuungama kwamba mwaka ule nilikuwa na nyumba isiyoezekwa na mtoto wa kupeleka chuoni.

Mama, ambaye masikio yake yamepungua nguvu, alikataa kuwa mwamuzi. "Mimi sikuwapo," alisema. "Nilikuwa nje nakatakata mgomba wa ng'ombe. Msinifanye shahidi wa nisilolisikia. Mleteni mwenyewe aseme tena, nami nisikie."

Tulijaribu kumleta. Kompyuta yangu mpakato ina spika mbili ndogo, kila moja yapata ukubwa wa sarafu. Nilipoifungua sauti hadi mwisho ili mama asikie, spika zile zilikwaruza, na mkwaruzo ukafanya kila konsonanti ifanane na s. Dada akatabasamu. Kaka akaenda kwa jirani kuazima sabufa, lile sanduku zito lenye spika mbili za pembeni, linalopendwa sana katika sherehe zetu za Desemba. Sabufa ikatikisa vikombe kabatini. Sauti ya baba ikawa kama ya mtu asemaye ndani ya pipa, na kila konsonanti ikafanana na k. Basi kila upande ulipata shahidi wake, tukaachana usiku ule bila kuagana vizuri.

Yamkini utasema: kwa nini hamkuvaa spika za masikioni? Tulivaa. Lakini zinasikiliwa na mtu mmoja mmoja, na kila mmoja alizivua akirudi na ushahidi wake mwenyewe. Neno la mzee katika ukoo husikiwa na wote kwa pamoja, ama halijasikiwa.

Herufi hizi mbili si ndugu katika sauti. K ni kimya kifupi kinachofuatwa na mpasuko. S ni mvumo wa hewa baina ya meno, na nguvu zake nyingi ziko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Simu za zamani zilikata sauti kwenye mitetemo 3,400. Ndiyo sababu watu walilazimika kutaja jina herufi kwa herufi simuni, na bado s ikachukuliwa kuwa f. Basi chombo nilichokitaka hakikuwa chenye kelele nyingi. Nilitaka chenye kutoa sauti za juu bila kuzichubua na sauti za chini bila kuzinenepesha, tena kwa nguvu ya kumfikia mama upande wa pili wa chumba. Nilikuwa na shilingi 200,000, na kwa fedha hiyo chombo kipya cha namna hiyo hakikuwapo dukani. Palibaki mitumba.

Siku ya kwanza niliipoteza madukani. Kijana mmoja alinionyesha sabufa mpya iliyoandikwa wati 10,000 ubavuni. Nikaigeuza nikasoma kibandiko cha nyuma: hula wati 60 kutoka ukutani. Nikamwuliza ng'ombe gani hula debe moja la majani akatoa madebe mia ya maziwa. Alicheka, nami nikacheka, lakini hakuiondoa ile karatasi ya ubavuni.

Siku ya pili nilifika kwa fundi redio mmoja mzee, katika uchochoro usio mbali na stendi kuu. Kibanda chake kilijaa mifupa ya redio za kaseti, na harufu ya risasi ya kulehemu ilitangulia kumkaribisha mgeni kabla yake mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kazi yangu. Aliyenielekeza kwake alikuwa amemwambia kuwa anakuja daktari. Na katika Moshi, kwa sababu ya KCMC, neno hilo lina maana moja tu. Akaanza kunieleza habari za goti lake. Nilipomwambia kuwa mimi ni daktari wa maneno alinitazama kwa huruma, akasema, "Basi, mwalimu, kaa. Unataka kusikia nini?"

Hakuna muuza duka aliyeniuliza swali hilo. Wote waliuliza nina fedha ngapi na chumba changu ni kikubwa namna gani. Nilimjibu kwamba nataka kumsikia mzee mmoja akisema, si muziki. "Kama ni hivyo acha hizi zenye spika kubwa," alisema. "Mzee anataka ya nchi tano au sita, na kidogo cha juu kilicho hai."

Alinifunza mambo ambayo chuo hakikunifunza. Spika zote nilizoziona kibandani mwake ni za koili itembeayo mbele ya sumaku, namna iliyoelezwa na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Na maradhi yake hayakubadilika sana. Kwanza ni pete ya sifongo inayoshikilia karatasi ya spika: joto na unyevu huila ikawa unga, na spika hutapatapa. Pili ni koili. Unaibonyeza karatasi kwa vidole pande zote, polepole, na sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua, mrudishie mwenyewe. Tatu ni ile spika ndogo ya juu, ambayo hufa kimyakimya bila mwenye nyumba kujua, kwa kuwa muziki huendelea kusikika bila yake. Kisha soma nyuma ya sanduku: kama amplifaya imeandikiwa omu 8, usiifunge spika za omu 4 ukaifungua sana, maana itatoka jasho mpaka ife.

Jozi niliyoipenda ilikuwa na masanduku ya mbao, mazito kwa umbo lake, na pete zote mbili za sifongo zimeoza. Bei yake ilikuwa shilingi 60,000 kwa sababu ya ugonjwa huo, na fundi akatia pete mpya za mpira kwa 15,000. Amplifaya ilikuwa ya Kijapani. Siku ya kwanza muuzaji mwingine alikuwa amenionyesha ya namna hiyohiyo na kuniapia kwamba nikiichomeka tu ukutani itafanya kazi. Fundi akaigeuza hii, akaweka kidole chini ya maandishi madogo: volti 100. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Ningeichomeka kama nilivyoapiwa ningepata moshi, na mji ungestahili jina lake. Transfoma ya kushusha umeme ilinigharimu 35,000, amplifaya 85,000, nyaya 4,000. Ikabaki shilingi 1,000, nikanywa chai.

Lakini kabla ya kulipa nilifanya jaribio, na jaribio hili ndilo lililonifukuza usingizi. Nilikuwa nimemwomba mwanafunzi wangu mmoja anirekodie maneno ishirini ya mfanano, soma na koma, saa na kaa, sima na kima, kwa mpangilio asionionyesha, sauti ya chini, na upepo wa feni nyuma yake. Nilitaka nisikilize kwa kila spika na kuandika nilichosikia. Kwa sabufa ya duka la jirani nilikosea maneno sita. Kwa jozi ya fundi sikukosea hata moja. Nilifurahi, na ningalifunga daftari hapo. Ila tabia ya kazi yetu ni kuyatazama makosa. Yote sita yalikuwa s niliyoiandika k. Hakuna hata k moja niliyoiandika s.

Niliitazama karatasi ile muda mrefu. Sabufa haikuwa na shamba Himo.

Jumamosi nilipanda gari la Marangu, amplifaya magotini, masanduku chini ya miguu ya abiria walionisamehe. Fundi alikuwa ameniasa juu ya nyaya: chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa spika zote mbili, la sivyo moja itasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na sauti itakuwa haina makao. Nilihakikisha kwa betri moja ya tochi kama alivyonionyesha. Karatasi za spika zote mbili ziliruka mbele. Nilipounganisha kompyuta ukasikika mngurumo, nikakumbuka kuchomoa chaja, mngurumo ukakoma. Mama alikuwa ameketi hatua tatu mbele. Dada hakuketi. Kaka alikuja akiwa amevaa koti, kama mtu anayekwenda mahakamani.

Baba alianza kusema. Kanda ile ilirekodiwa kwa maikrofoni moja, na spika mbili zilizofungwa sawasawa hulileta jambo kama hilo katikati; basi sauti haikutoka katika sanduku la kulia wala la kushoto bali pale katikati, juu ya meza, mahali palipo na taa. Mama alishika mikono yake. Mzee alisalimia, akamtaja mkwewe, akapumua, akataja shamba.

"Mdogo wenu asikubali liuzwe."

S ilikuwa pale, nyembamba na kamili, kama uzi unaopita tunduni. Hakuna aliyesema. Kaka aliomba irudiwe, nikairudia, akaomba tena. Mara ya nne alivua koti, akaliweka juu ya kiti, akamwuliza dada kama mbegu za masika zimekwisha kununuliwa.

Nilinyosha mkono kuzima, mama akanizuia. Alitaka niiache iendelee, na niongeze kidogo. Baba alikuwa amehamia habari za bei ya kahawa. Dada akainama mbele, akauliza ule mgongo wa sauti ni nini, unaokwenda ko, ko, ko nyuma ya maneno. Tukanyamaza. Ulikuwa ni mlio wa panga juu ya gogo, nje ya dirisha, usiopumzika. Dada akamwinamia mama sikioni, akamweleza.

Mama akasikiliza kwa muda.

"Basi nilikuwapo," akasema.