Naam, Hapana

Nimerudi. Kwa wale walioniandikia kuuliza kama nimehamia Kamboja jumla, jibu ni hapana. Au tuseme: naam, hapana. Na jibu hilo ndilo ninalotaka kulisimulia leo, maana liliniaibisha mbele ya mzee wa watu, na mpaka sasa nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke nijifiche.

Mwaka jana nilikaa Phnom Penh miezi mitatu kwenye mafunzo ya waandishi vijana. Ni mji mkuu wa Kamboja, pale mto Mekong unapokutana na Tonle Sap. Joto lake ni lile la Dar mwezi wa Februari, na bajaji zimejaa kama kwetu. Nilipanga chumba ghorofani kwa mama mmoja ambaye kila asubuhi huuza supu ya tambi mbele ya nyumba yake. Mtaa mzima unamwita Ming, yaani mama mdogo au shangazi. Yeye akaniita kmuoy, mpwa wake. Kule, kama kwetu, mtu haitwi jina kavu. Kuna bong, kaka au dada aliyekuzidi umri. Kuna ta, babu. Ukishajua umwiteje mtu, nusu ya mazungumzo imekwisha.

Siku ya tatu Ming akanikaribisha wali. Nilikuwa nimeshakula. Nikatikisa kichwa, nikatoa neno nililolisoma kwenye kitabu cha wasafiri: "Te!" Yaani hapana.

Ming akacheka hadi akaweka upawa chini. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba "te" tupu namna ile humwambii mtu aliyekuzidi umri. Mwanamume aanze na "baat". Baat, te. Mwanamke aanze na "chaa". Chaa, te. Kisha unamalizia na shukrani, "orkun", na ikibidi unasema "ch'aet haoy", nimeshiba tayari. Hapo umekataa na mwenye chakula hajaudhika.

Tatizo ni kwamba kitabu changu kilisema baat na chaa maana yake ni "ndiyo". Sasa ndiyo-hapana ni lugha gani hiyo? Nikapanda chumbani nikiwa nimevurugika kichwa. Nilikuwa nimelala chali naangalia feni ndipo nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga. Bibi akituita wajukuu, mvulana aliitika "Naam", msichana "Abee". Ole wako uitike "Nini?", kofi lilikuwa njiani. Na ile naam haikuwa na maana kwamba umekubali kutumwa dukani. Ilikuwa na maana kwamba umesikia, upo, na unamheshimu aliyekuita. Kumbe baat ni naam, na chaa ni abee! Watu wa mbali hivyo, wana naam ya kiume na abee ya kike kama kwa bibi yangu. Tofauti ni kwamba sisi tunaitika tukiitwa, wao wanaitika hata kabla ya kukataa.

Tangu siku hiyo nikawa nashuka kila jioni kukaa na Ming, namenya vitunguu saumu naye ananifundisha. Kikhmer hakina viimbo vya kubadili maana ya neno kama Kithai au Kivietinamu, na vitenzi vyake havibadiliki kufuata nafsi wala wakati. Nikafurahi. Nikadhani nitakimeza kwa mwezi mmoja. Ugumu niliukuta kwenye kukataa.

Kusema "naenda" ni "knyom tov". Kusema "siendi" ni "knyom min tov te", au mtaani, "knyom ot tov te". Unaona? Kitenzi kimebanwa huku na huku, min au ot mbele, te nyuma. Nikamwambia Ming lugha yake inakataa mara mbili. Akaniuliza sisi tunasemaje. "Siendi," nikajibu, halafu nikajisikiliza. Si-end-i. Napenda, sipendi. Tunasoma, hatusomi. Na sisi tunabana huku na huku! Nimesoma Kiswahili tangu chekechea hadi kidato cha sita na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipokwenda kumenya vitunguu Phnom Penh.

Wana pia "min toan", ambayo ni bado. Ming aliponiuliza kama nimeoa nikajibu baat, te, nikidhani nimepata mia kwa mia. Akakunja uso. Sema min toan te, akanisahihisha, kwani umeapa hutaoa? Na kwetu je, si tunajibu bado? Hata mtu wa miaka hamsini anajibu bado. Hapana inafunga mlango, bado inauegesha tu.

Jioni moja nikamuuliza kuhusu "ot". Nilikuwa nalisikia kila mahali, nikadhani ni "si" tu. Ming akaacha kukata mboga. Akasema ot yenyewe ni kukosa, kukaa bila kitu. Ot luy, huna hela. Ot bay, huna wali, yaani unalala njaa. Na kuvumilia nako kumo humo. Hata ukiomba kusamehewa unaweza kusema "ot toh", kana kwamba unaomba kosa liachwe bila adhabu. Kisha akanyamaza kidogo.

Ming alikuwa mtoto mdogo Khmer Rouge walipoingia Phnom Penh, tarehe 17 Aprili 1975. Waliwatoa watu mjini kwa miguu, wakafuta fedha, wakawapeleka mashambani kufanya kazi na kula uji mwepesi kwenye majiko ya pamoja. Utawala huo ulianguka Januari 1979. Inakadiriwa kati ya watu milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa njaa, maradhi, kazi ngumu na kuuawa. Ming hakunitajia takwimu. Alisema hivi: "Wakati ule tulijua ot bay tu. Na hakuna aliyetuuliza swali lenye te mwishoni."

Hapo inabidi nikueleze, msomaji, maana mimi mwenyewe sikuelewa papo hapo. Ile te ya kukataa ndiyo hiyo hiyo wanayoiweka mwishoni mwa swali la ndiyo au hapana. "Tov te?" Unaenda? Ni kama swali lenyewe linakubebea hapana mlangoni, ukiitaka uichukue. Watu wa mashambani hawakuulizwa. Waliambiwa, na neno walilolisikia zaidi ni "kom", yaani usi: usiibe kiazi, usilie, usiulize.

Ningekuwa na akili ningeishikilia hiyo habari ya te mwisho wa swali. Sikuishikilia.

Wiki ya saba tulipewa zoezi la kuandika habari ya mtaani, itakayowekwa kwenye tovuti ya mafunzo. Karibu na kwa Ming kulikuwa na kiwanja ambacho madereva wa bajaji walikuwa wakiegesha kwa miaka. Mwenye kiwanja alitaka waondoke, akasema wote wamekubali na kutia dole gumba kwenye karatasi. Mimi nikajiona bingwa wa Kikhmer. Mkalimani wa nini? Nikaenda peke yangu kwa dereva mzee kuliko wote, anayeitwa Ta na kila mtu. Nikamwamkia kwa kuunganisha viganja, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikamuuliza swali nililolikariri usiku kucha: "Ta yol prom te?" Babu, ulikubali?

"Baat..."

Nikaandika alikubali. Nikauliza mengine mawili matatu, akaanza tena na baat, nikashukuru, nikaondoka kifua mbele. Habari ikatoka jioni ile: hata dereva mzee kuliko wote amekubali kuhama.

Kesho yake asubuhi mwenye kiwanja alikuwa ameisambaza Facebook. Jamani, hata mwandishi wa kigeni amethibitisha! Ming aliniletea supu bila kusema neno. Nilipofika darasani, mwandishi mmoja wa kule, dada mkubwa kwangu ninayemwita Bong, akanivutia pembeni na kuniomba ile sauti. Tukaisikiliza pamoja. Swali langu linasikika vizuri kabisa. Mzee anasema "Baat". Pikipiki inapita. Halafu, kwa sauti ya chini, "ot te, chav." Naam, hapana, mjukuu wangu. Na juu ya ile te unasikia sauti yangu tayari imeshaingia na swali la pili. Swali la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Mzee alinikatalia mara tatu kwa adabu, na mara zote tatu mimi nilimkata kauli.

Habari iliondolewa saa sita mchana, na masahihisho yakawekwa yakiwa na jina langu. Lakini nyie mnajua jinsi masahihisho yanavyotembea. Yanatambaa wakati uongo umeshapanda ndege.

Jioni Bong akanisindikiza kwa mzee. Nikainama, viganja vimeungana, nikasema "som toh". Mzee akatabasamu, akajibu, "Ot ei te, chav."

Ot ei te ni hamna neno. Nikashusha pumzi, nikageuka tuondoke. Bong akanishika mkono, akaniuliza taratibu: kwenu mzee aliyeumizwa akikwambia hamna neno, huwa kweli hamna neno?

Nikasimama. Kwetu mzee akisema hamna neno, neno lipo, tena kubwa. Amekupunguzia tu aibu. Nikarudi, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwomba anisimulie upya na safari hii nikafunga mdomo wangu. Bong alitafsiri. Mzee alisimulia kwa utulivu mpaka alipofika kwenye ile karatasi. Hapo akainua dole gumba, akalitazama, akasema sentensi iliyoanza na "min dael" na kuishia na "soh".

Min dael ni sijawahi. Na soh inakaa pale mwishoni ambapo nilizoea kusikia te, na maana yake ni kabisa, hata kidogo. Sijawahi kutia dole gumba langu kwenye karatasi yao, hata kidogo. Hakupaza sauti wala hakupiga goti kwa ngumi. Sisi tukitaka kukataa kwa nguvu tuna la hasha, tuna katu, tuna ng'o kabisa, na mara nyingi shingo inatutoka mishipa. Yeye alibadili neno moja la mwisho tu, na wenzake wote waliokuwa wamekaa pale wakanyamaza. Nilikuwa nimejifunza soh kwa Ming siku nyingi. Lakini siku ile ndiyo niliisikia.

Tuliandika habari mpya, mimi na Bong, na safari hii dole gumba la mzee lilikuwa aya ya kwanza. Nilipoondoka Kamboja suala la kiwanja lilikuwa halijaisha. Madereva walikuwa bado wanaegesha, mwenye kiwanja alikuwa bado anasema walikubali.

Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Kabla ya safari ile, kwenye mkutano mmoja na waandishi hapa Dar, nilipewa bahasha. Ya nauli, waliniambia. Shilingi elfu hamsini. Nilijua si nauli, maana nilikwenda kwa miguu. Lakini aliyenipa ni mtu mzima, anaongea vizuri, ananiita mwanangu, na mimi sikujua ningekataaje bila kumvunjia heshima. Nikapokea. Habari niliyoiandika jioni ile haikuwa ya uongo, ila yale maswali mawili magumu niliyokuwa nimeyapanga hayakuwemo. Nimelibeba hilo muda mrefu, nikijiambia ni adabu. Haikuwa adabu. Adabu ilikuwa baat, na mimi niliishia kwenye baat.

Mwezi uliopita bahasha imekuja tena, hoteli nyingine, mkono mwingine. Nikasimama, nikaipokea salamu yake kwa mikono miwili, nikasema: "Naam, mzee wangu. Ahsante sana. Hapana." Akadhani natania, akaisukuma tena. Nikatabasamu kama Ta. "Sichukui kabisa, mzee wangu. Hata kidogo." Akanitazama kwa muda, akairudisha mfukoni. Hajaniita kwenye mkutano wake mwingine, na sitashangaa asiponiita tena. Ot ei te.

Na hapo, wasomaji wangu, mnajua maana yake. Haya, niishie hapo. Nijuzeni, kwenu wakubwa mnawakataliaje?