Hispania: Kulungu na mtoto, kilio kimoja

Kila Septemba, jua likianza kuzama, familia huegesha magari kwenye Hifadhi ya Taifa ya Cabañeros, kusini mwa Madrid. Watu hushuka, hunyamaza, husikiliza. Kutoka porini madume ya kulungu, wale wenye pembe za matawi, hutoa mlio mzito wa kukwaruza koo, wakiita majike na kutishana wao kwa wao. Msimu huo, unaofika hadi Oktoba, huitwa berrea.

Mzazi huyo akirudi nyumbani, mwanawe akaangua kilio cha kupasua masikio kwa kunyimwa peremende, kitenzi ni kilekile: berrear. Hata ndama analia hivyo. Mtoto anayedondosha machozi kimya kimya hasemwi hivyo. Yeye ana llorar, kulia kwa kawaida. Tofauti si ndogo. Mtoto anayeambiwa "deja de berrear" haambiwi anyamaze tu, anaambiwa kilio chake ni kelele. Kama ameumia kweli, neno hilo linachoma.

Maneno ya namna hii wanayo tele. Tumbo lenye njaa hutumia rugir, kitenzi cha simba, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani, maana lake nalo hunguruma. Mtu mnung'unikaji hufanya gruñir, kama nguruwe. Kwa kuku ndipo njia zinapoachana: kwa Kiswahili msanii anayewika ni mwenye jina kubwa, lakini kwa Kihispania cacarear, mlio wa jogoo na tetea, ni kujisifu kupita kiasi.

Rebuznar, kulia kama punda, ni kusema upuuzi. Cervantes, katika sehemu ya pili ya Don Quijote ya mwaka 1615, anasimulia madiwani wawili walioiga mlio huo wakimtafuta punda aliyepotea. Vijiji jirani vikawacheka hadi watu wakashika silaha. Sancho naye akajitia kuwaonyesha wanakijiji hao kwamba anaujua mlio huo vizuri, akala kipigo.

Tamu kuliko yote ni arrullar. Ni sauti ya njiwa akimbembeleza mwenzake. Ndicho pia anachofanya mama usiku (na baba, kitenzi hakibagui) akiwa na mtoto kifuani, akimwimbia kwa sauti ya chini mpaka usingizi umchukue.