Paka Mgeni na Mikono ya Watoto

Mtoto wa paka humzoea mwanadamu kwa wepesi zaidi akiwa na umri wa kati ya wiki 2 na 7. Akipitwa na muda huo bila kushikwa kwa upole, mkono unaomshukia kutoka juu huwa kwake ni kama kucha za mwewe. Tumeyaona haya nyumbani kwetu tangu tulipomchukua paka wa miezi mitano hivi, aliyezaliwa nyuma ya stoo ya msikiti, baada ya waumini kulalamika kwamba paka wanachafua mikeka.

Siku ya tatu alimparua mwanetu wa miaka sita. Tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukampeleka hospitali, maana kichaa cha mbwa hakiwahusu mbwa peke yao. Paka naye aliangaliwa siku 10, ndipo daktari wa mifugo akamchanja. Bibi yao akatoa hukumu: akiparua tena, atiwe guniani akaachwe sokoni. Wengi mitaani hufanya hivyo bila kusita. Sisi tuliikumbuka Hadithi sahihi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki. Kumtupa ugenini mnyama aliyezoea bakuli la nyumbani, kwa maoni yetu, hakuko mbali na hilo.

Tulilaza boksi tupu pembeni mwa chumba, tukatandika kanga kuukuu ndani yake, na watoto wakakatazwa kulisogelea. Kila baada ya Maghrib mmoja wetu aliketi sakafuni akisoma Qur'ani kwa sauti ya chini, bila kumtazama, akiwa ameweka dagaa waliochemshwa bila chumvi. Kila siku dagaa walisogezwa shibiri moja karibu na goti la msomaji. Paka hukuona kukodolewa macho kuwa ni vitisho. Ukiyafumba na kuyafumbua taratibu, hutulia. Watoto waliufanya huo kuwa mchezo.

Wiki ya pili alikula gotini. Hapo tukaanza kumpa kidole, chini, usawa wa pua, anuse kwanza. Akijisugua, tulimpapasa shavu na chini ya kidevu, tukiliacha tumbo na mkia. Mkia ukianza kupigapiga au masikio yakilala, mkono huondoka papo hapo. Hili ndilo lililokuwa zito kwa mwanetu, kwani lilimtaka aache wakati ule ule anaofurahi.

Bibi alitaja pia suala la najisi. Tukamkumbusha Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Bibi akajibu kuwa Hadithi haitilii shaka. Anazotilia shaka ni kucha.

Huu ni mwezi wa pili. Kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukikalia miguu ya nyuma, anakuvumilia kwa mzazi tu, tena kwa kitambo kifupi. Mwanetu humgusa shavu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio ulioparuliwa. Gunia lingali limekunjwa nyuma ya mlango wa jikoni, na juzi tulimkuta paka amelala juu yake.