Bandu Bandu Huisha Gogo: Tafakari Baada ya Ziara ya Hartwick Pines



Juma hili tunawaletea tafakari iliyotoka msituni. Jumamosi iliyopita sisi Wakatoliki tunaosali kwa Kiswahili hapa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, tulipanda basi dogo alfajiri, tukasali rozari njiani, na baada ya safari ya karibu saa tatu kuelekea kaskazini tukafika Hartwick Pines, karibu na mji mdogo wa Grayling. Wengi wetu ni wazaliwa wa mashariki ya Kongo. Wengine tumetoka Burundi, Tanzania na Kenya. Huko kuna hifadhi ya msitu wa kale, na ndani yake kuna makumbusho ya wakata miti na walowezi wa karne ya 19.

Makumbusho yenyewe ni majengo ya magogo, yaliyojengwa katika miaka ya 1930 na vijana wa CCC, mpango wa serikali uliowapa kazi vijana wasio na ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Ukiingia unaona jinsi kambi ya wakata miti ilivyokuwa: vitanda vya mbao, jiko kubwa la chuma, meza ndefu ya kulia, zana za mhunzi, mashoka na misumeno. Nje yamesimama yale yaitwayo Magurudumu Makubwa, ambayo kimo chake ni kama futi 10. Yalibuniwa mjini Manistee, Michigan, na fundi Silas Overpack katika miaka ya 1870. Magogo yalifungwa kwa minyororo chini ya ekseli, farasi wakayakokota hata wakati ambapo hapakuwa na theluji.

Kwa maana kazi ile ilikuwa ya majira ya baridi. Miti ilikatwa wakati ardhi imeganda. Usiku watu walimwaga maji katika njia za msituni ili yagande, na kulipokucha farasi wakavuta juu ya barafu hiyo mizigo ya magogo ambayo barabara ya udongo isingeiweza. Kila gogo lilipigwa nyundo yenye alama ya mwenyewe kwenye ncha, kama ng'ombe apigwavyo chapa. Barafu ilipoyeyuka, magogo yalisukumwa mtoni na kuelea hadi kwenye viwanda vya mbao vya pwani ya maziwa makuu. Vijana waliyafuata, wakirukaruka juu yake wakiwa wamevaa viatu vya misumari, na si wote waliorudi makwao. Ujira wao ulikuwa takriban dola moja kwa siku, pamoja na chakula: maharagwe, nyama ya nguruwe ya chumvi, mkate na chai. Mezani walikatazwa kuzungumza, wale haraka warudi kazini.

Mzee mmoja wa kundi letu alisimama kwa muda mrefu mbele ya msumeno wa watu wawili. Ujanani mwake alipasua mbao huko Kivu, gogo likiwa limepandishwa juu ya shimo, mtu mmoja juu na mwenzake chini, unga wa mbao ukimwingia yule wa chini machoni kutwa nzima. Aliyatazama meno ya msumeno ule mmoja mmoja, kisha akasema: “Baba Padre, aliyeunoa huu alikuwa fundi kwelikweli.” Sote tukanyamaza. Tulikuwa tumekuja kutazama vitu vya kale vya wageni, na kumbe miongoni mwetu alikuwamo mtu aliyeijua kazi ile kwa mikono yake.

Ndugu wapendwa, tusiipite heshima hiyo haraka. Watu wale walikuwa maskini waliotoka Kanada, Ufini, Sweden, Ujerumani, Ireland na kwingineko, wakifanya kazi halali ili watoto wao wale. Mbao zao zilijenga Chicago na miji mingi ya nyanda kavu zisizokuwa na miti. Katika miaka ya 1870 na 1880 hakuna jimbo lingine nchini Marekani lililotoa mbao nyingi kuliko Michigan. Mti uliotafutwa zaidi ulikuwa msonobari mweupe, mrefu, ulionyooka, mwepesi kuelea na rahisi kufanyiwa kazi. Wenye makampuni waliuona msitu huo kuwa hauna mwisho. Mwaka 1877 reli za msituni zilipoanza kufanikiwa katika wilaya ya Clare, hata theluji na mito havikuwa tena kikomo. Ukataji uliweza kuendelea mwaka mzima. Wazee wetu walisema bandu bandu huisha gogo. Huko msitu uliodumu maelfu ya miaka uliisha kwa muda usiozidi maisha ya mzee mmoja.

Tulipokuwa tukitoka katika bweni la wakata miti, mama mmoja wa kundi letu aliuliza swali ambalo limetusumbua hadi leo: “Na hawa waliokuja baada yao, walikula nini?”

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Hesabu ya mbao imehifadhiwa vizuri: futi ngapi, dola ngapi, kiwanda cha nani. Hesabu ya pili, ile ya walioachiwa visiki, inahitaji kutafutwa.

Waliolipa kwanza walikuwa wenyeji. Sehemu kubwa ya kaskazini ya Michigan ilitoka mikononi mwa Waodawa na Waojibwe kwa mkataba wa mwaka 1836, na mbao zilipopanda thamani hata vipande walivyobakiwa navyo vilitamaniwa. Katika Ziwa Burt, kaskazini ya hapo tulipokuwa, palikuwa na kijiji cha wenyeji Wakatoliki. Tarehe 15 Oktoba 1900, sherifu wa wilaya, akifuatana na mfanyabiashara wa mbao aliyeinunua ardhi yao kwa madai ya deni la kodi, aliwatoa watu majumbani mwao, na nyumba zikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa moto. Kanisa lao liliachwa limesimama. Tumelifikiria sana kanisa hilo, likiwa peke yake katikati ya majivu ya nyumba za waamini wake.

Wakalipa pia walowezi. Sheria ya mwaka 1862 iliruhusu familia kupewa ekari 160 za ardhi ya serikali iwapo wangeishi humo na kulima, na makampuni nayo yaliuza kwa bei ndogo ardhi yaliyokwisha kukata. Watu walifika na majembe, mbegu na watoto. Waling'oa visiki kwa farasi na baruti, wakakuta chini yake mchanga, na majira mafupi ya kupanda. Wengi walishindwa kulipa kodi, wakaondoka, ardhi ikairudia serikali.

Wengine hawakupata hata nafasi ya kuondoka. Matawi na vilele vilivyoachwa chini na wakataji vilikauka na kuwa kuni zilizosubiri cheche. Tarehe 8 Oktoba 1871 moto uliuteketeza mji wa mbao wa Peshtigo, katika jimbo jirani la Wisconsin, na zaidi ya watu 1,000 wakafa. Paroko wao, Padre Peter Pernin, mzaliwa wa Ufaransa, aliweka tabernakulo katika mkokoteni, akaukokota hadi mtoni, akapona ndani ya maji pamoja na baadhi ya watu wake. Baadaye tabernakulo ilikutwa mtoni, juu ya gogo, ikiwa nzima. Padre huyo aliandika habari za usiku ule, na hadi leo wanahistoria wanamtegemea. Miaka 10 baadaye, Septemba 1881, moto wa namna hiyo uliwaua watu 282 mashariki ya Michigan.

Hata mto ulilipa. Mji wa Grayling umepewa jina la samaki aliyejaa katika mto Au Sable. Magogo yalipoteremshwa kila mwaka yalikwangua mahali alipotagia mayai, kivuli cha miti kikatoweka, wavuvi nao wakamvua bila kiasi, na samaki wa kigeni wakaongezwa majini. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa ametoweka Michigan nzima. Zipo juhudi za kumrudisha, lakini kwa muda mrefu mji huo umeishi ukiitwa kwa jina la marehemu.

Baada ya chakula cha mchana tuliingia katika msitu wenyewe. Hapo, wapendwa, hata watoto walipunguza sauti. Misonobari ile ina umri wa mamia ya miaka, na ukitaka kuona kilele chake huna budi kuinua kichwa mpaka kofia ianguke. Mmoja ulioitwa Mfalme, uliokuwa na kimo cha zaidi ya futi 150, ulivunjwa kilele na upepo mwaka 1992, ukafa mwaka 1996. Zamani msitu huo wa kale ulikuwa na ekari 85 hivi. Dhoruba ya Novemba 1940 iliangusha sehemu kubwa, na leo zimebaki ekari 49.

Zilibakije? Si kwa hekima ya mtu. Wakata miti walifika karibu nazo katika miaka ya 1890, uchumi ukaanguka, bei ya mbao ikaanguka nayo, kazi ikasimama. Ndipo mwaka 1927 mwanamke mmoja, Karen Michelson Hartwick, alipoinunua ardhi ile, ekari zaidi ya 8,000, akalipa jimbo la Michigan kwa kumbukumbu ya mumewe, Meja Edward Hartwick, aliyefariki Ufaransa mwaka 1918 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake Karen, Nels Michelson, alikuwa mmoja wa wenye kampuni ile ile ya mbao iliyoumiliki msitu huo. Binti wa mkataji ndiye aliyewaombea miti ya mwisho.

Ndani ya msitu kuna kikanisa kidogo cha magogo, kilicho wazi kwa kila apitaye. Tulisali humo Malaika wa Bwana, kisha tukakumbushana sheria iliyomo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19: mvunaji ameagizwa asivune hadi pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota masazo, hayo ni haki ya maskini na mgeni. Kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni, alipata chakula, na kutoka uzao wake akazaliwa mfalme Daudi. Angalieni kwamba Mungu hakumkataza mkulima kuvuna. Alimwekea mpaka wa kuvuna, na akauweka kabla ya mavuno kuanza. Michigan walivuna hadi pembe zote, na pembe moja iliyosalia iliponywa na bei mbaya ya mbao. Hilo ndilo jambo tulilorudi nalo: kinachowabakia wanaokuja nyuma yetu hakifai kuachiwa bahati. Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 kwamba dunia ni mkopo kwa kila kizazi, nacho hakina budi kuikabidhi kwa kizazi kifuatacho.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Njiani tukirudi, mazungumzo yalihamia Goma, ambako kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala ya kupikia imetoka katika Mbuga ya Virunga. Mzee wetu alisema neno la haki: aliyekimbia vita, asiye na shamba wala jiko jingine, akikata mti hatuwezi kumhukumu kama tumhukumuvyo anayekusanya magunia mia na kuyapandisha lori. Ndivyo ilivyokuwa Michigan pia. Jasho lilikuwa la mmoja, hesabu ilikuwa ya mwingine.

Nasi tunayo hesabu yetu. Wengi wetu tunatuma fedha nyumbani kununua viwanja na kujenga. Kwa hiyo tunaomba kila familia juma hili ikae mezani, na pale mazungumzo yaruhusiwe, ijiulize:

1. Kiwanja tunachonunua kilikuwa cha nani, na aliondokaje?
2. Tukisafisha shamba, tumemwagiza anayelisimamia aache miti gani, hasa penye chemchemi na kando ya mto?
3. Katika mshahara wetu, muda wetu na nguvu zetu, pembe ya shamba iko wapi? Nani anajua kwamba ni yake?

Tukumbuke pia kwamba uharibifu haukuwa neno la mwisho. Mwaka 1903, karibu na Ziwa Higgins, kusini ya Grayling, jimbo lilianzisha kitalu cha miche, na ardhi iliyokataliwa na majembe ikaanza kupandwa miti. Waliopanda walijua hawatakaa kivulini mwake. Basi letu lilipita katikati ya misitu ya namna hiyo karibu njia nzima.

Tuwaombee marehemu wote waliofia katika kazi ile, waliochomewa nyumba zao na walioteketea kwa moto. Bwana awape pumziko la milele, nasi atupe moyo wa kujua kutosha. Tuonane Dominika, na Mungu Mwenyezi awabariki: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.