Kabla hamjamlipa mwalimu wa karate

Tunaandika kutoka Keko, tunakoshona nguo jirani na mafundi wa vitanda na makochi. Tukifunga kazi ni usiku, na vichochoro vya kurudia nyumbani vina giza. Ndiyo maana tulikubaliana, sisi watatu na binti zetu wawili, kwenda kujifunza kujilinda. Ndugu wakauliza, "Mtavaa nini?" Sisi tulijiuliza: watoto hawa tunamkabidhi nani?

Kwetu Unguja hakuna ampelekaye mtoto chuoni bila kujua maalim kasoma kwa nani. Tukaona na hapa tuulize hivyo hivyo. Si swali la ajabu. Dar karate ya Goju-ryu, mtindo wa Chojun Miyagi wa Okinawa, ilifundishwa tangu miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, na dojo la Zanaki linatajwa mpaka leo. Huko Unguja, judo ina Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyewafundisha vijana wetu kwa miaka mingi. Mwalimu wa kweli atakutajia aliyemfundisha bila kukasirika. Mmoja tulipomwuliza alitushikia mkanda wake mweusi atuonyeshe. Jamani, sisi ni mafundi cherehani! Mkanda ule ni kitambaa cha pamba na mistari ya uzi. Tukiamua, tunashona kumi kabla ya Adhuhuri.

Lakini ukoo wa mwalimu peke yake hautoshi. Kaeni pembeni mtazame, tena mwende siku ambayo hamkuaga. Msitazame mateke ya wakubwa, hayo ni ya kuvutia wageni. Tazameni mdogo kuliko wote anapobanwa. Katika judo, na kokote wanakokabana, aliyezidiwa hugonga kwa kiganja, kwenye mkeka au mwilini kwa mwenzake, maana yake basi, niachie. Klabu moja tulimwona mtoto wa kiume akigonga, na kaka mkubwa aliyemkaba akaendelea kubana huku anacheka. Mwalimu alikuwa anachezea simu. Tulichukua viatu vyetu tukaondoka, hatukuuliza hata ada.

Klabu nyingine mwalimu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, lakini mkono wa mtoto ulipogusa mkeka mara ya kwanza tu sauti yake ilishafika: "Achia!" Kisha akamwita yule mkubwa, akaongea naye taratibu. Tukatazamana. Binti akijua kwamba neno lake "basi" linasikika pale, hata kwingine atalisema kwa sauti.

Halafu kuna mambo ya dini. Ukutani palikuwa na picha ya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, na wanafunzi waliiinamia. Tukamwambia mwalimu wazi kwamba hilo linatutia shaka. Hakubisha, akasema tuweke mkono kifuani, inatosha. Sisi si watu wa kutoa fatwa, kila mmoja amwulize sheikh anayemwamini. Tuliomba pia tusishikane na wanaume, akakubali tufanye mazoezi sisi kwa sisi. Mwalimu ambaye ombi hilo linamchekesha, mwacheni na klabu yake.

Hijabu haikuwa tatizo. Mwaka 2012 Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alicheza judo Olimpiki ya London akiwa amefunika kichwa. Ila pini hapana kabisa, zitamchoma mwenzako. Tumeshona za kuvaa kichwani moja kwa moja, zenye lastiki nyuma.

Kuhusu sare, msiharakishwe. Ya karate ni nyepesi, fundi mzuri anaiweza. Ya judo ni nzito na imeongezwa nguvu mabegani, kwa sababu kazi yake ni kuvutwa. Pamba ya kawaida itachanika siku ya kwanza. Mwalimu anayetaka hela ya sare kabla hujatoa jasho anafanya biashara, na biashara sisi tunaijua. Huyu wetu alisema mwezi wa kwanza suruali pana na fulana ya mikono mirefu zinatosha.

Sasa ni wiki ya tatu, na tunafundishwa kuanguka tu: kidevu kifuani, mkono upige mkeka. Binti mdogo amenuna, anasema hajamwangusha mtu hata mmoja.